Kikombe cha Aubin

Vuta kiti, kaa hapa. Simu igeuze kifudifudi, na kama una kikombe mkononi kiweke chini kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, maana mwisho kuna kitu nitakuuliza na sitaki unijibu kizembe.

Ilianza na ukungu. Kaukungu kadogo tu, upana wa kiganja cha mtoto.

Perrine alifungua kabati la jikoni asubuhi, kwenye fleti yao ya Pantin, pembeni mwa Paris, anatafuta bakuli la kunywea kahawa. Kikombe cha fedha cha mwanawe kilikuwa rafu ya juu, peke yake. Ubavuni mwake kulikuwa na ukungu, ule unaotokea ukikihemea kitu cha baridi kwa mdomo wazi. Tena mbichi. Akasimama anauangalia unavyojikunja kutoka pembeni, unapungua, unapungua, mpaka fedha ikabaki inang'aa kama hakijatokea kitu.

"Gaétan, umegusa kikombe?"

"Kikombe gani?" Mumewe alikuwa bafuni, mswaki mdomoni.

"Cha Côme."

"Mimi nakunywa kwenye bakuli kama watu. Huo ni unyevu. Jengo lote hili linavuja, muulize fundi bomba."

Fundi bomba ni Gaétan mwenyewe. Perrine akacheka, akafunga kabati, akaenda kazini.

Sasa ili uelewe kilichokuja kumkuta, lazima ujue kazi yake. Perrine alikuwa anachora majina kwenye fedha. Nyuma ya uma, kwenye vijiko, kwenye sinia, kwenye vibangili vya kushikia vitambaa vya mezani. Kwao uma unalazwa kifudifudi, meno yameangalia chini, kwa hiyo jina la familia linachorwa mgongoni, mgeni alisome kabla hajatia kitu mdomoni. Karakana yao ilikuwa ghorofa ya tatu, Paris, mtaa wa Marais, nyuma ya ua ambao jua linaingia kwa kubahatisha. Sakafu ilikuwa na chanja za mbao ili vumbi la fedha lidondokee chini, lisitoke na viatu vya watu. Chini ya kila meza ilining'inia ngozi ya kupokea unga unaomwagika ukichora. Pale hata ukipiga chafya bosi anaangalia leso yako.

Na kulikuwa na kazi ya pili, ambayo watu hawaisemi sana. Kukwangua. Familia za zamani zinakufa, warithi wanauza, vyombo vinaangukia kwa madalali. Mnunuzi anataka uma wa karne iliyopita, ila hataki kula na jina la bibi wa mtu mwingine. Basi jina linakwanguliwa kwa chuma, panalainishwa, panang'arishwa, linawekwa jina la mwenyewe mpya. Kwa kukwangua, Paris nzima hakukuwa na mkono kama wa Perrine. Ungemuuliza angekwambia mwenyewe, hana aibu.

Bosi wao, Mzee Hutin, alikubali kuwa baba wa ubatizo wa Côme. Na baba wa ubatizo ndiye anayetoa kikombe cha fedha, hiyo haina mjadala. Hutin akafungua droo ya vitu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheusi.

Kilikuwa kizuri mpaka unajisikia vibaya kukishika. Umbo la kengele iliyogeuzwa, kimesimama juu ya mguu wa duara. Tumbo lake lote lilikuwa makombe ya baharini, matete na mawimbi, ule mtindo wa enzi za wafalme ambapo fundi akiona mstari ulionyooka anaupinda. Katikati palikuwa na kidirisha cha majani, na ndani ya kidirisha jina moja.

Aubin.

Hakuna ukoo, hakuna mwaka. Na kwenye mdomo wa kikombe kulikuwa na vibonyeo viwili vidogo, sambamba. Meno ya mtoto. Mtoto anaota meno, anang'ata kikombe, fedha inakumbuka.

"Usilikwangue hilo jina," alisema Odile. Odile alikuwa mng'arishaji, mama wa makamo, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, mdomo haujawahi kupata likizo. "Kwetu Limousin kikombe kinatembea kwa watoto, jina linaandikwa chini ya jina. Cha bibi yangu kimejaa kama ukuta wa choo cha shule."

"Ndiyo maana hakuna aliyewahi kukitaka," Hutin akamjibu.

"Kinatakiwa na sisi, inatosha."

"Odile, angalia kidirisha hiki. Aliyekitengeneza alipima jina moja. Ukibananisha mawili umekiua kikombe."

Perrine alikuwa upande wa bosi. Jicho lake lilikuwa hivyo, kitu kibaya kilimuuma kama jino. Akakaa mezani kwake, akakwangua.

Kuna kitu watu wa kazi ile wanakijua. Jina la kwenye fedha halitoki kirahisi. Unaweza kukwangua mpaka uone pamelala sawasawa, halafu mtu akapahemea, na kwenye ukungu wa pumzi yake jina likarudi, limefifia, limekaa pale pale. Kwa hiyo anayekwangua vizuri anahema, anaangalia, anakwangua tena. Perrine alihema, akaliona Aubin. Akakwangua. Akahema, akaliona. Yaani lilikuwa limeshuka chini kinoma. Alikwenda mpaka ukuta wa kikombe ukawa unabonyea kidogo chini ya kidole gumba, ndipo akahema na asione kitu. Akachora Côme, herufi zimelala kwa madaha, C ina mkia, ikajaza kidirisha chote kana kwamba kilizaliwa nayo.

Hutin akakigeuza kwenye mwanga. "Hapo umeweka mikono ya wazee wetu," akasema.

Odile hakusema kitu, na hiyo kwa Odile ilikuwa hotuba.

Mtoto akabatizwa, watu wakala kuku na jibini, Côme akanyweshwa maji kwenye kikombe chake, akajimwagia, wakapiga makofi. Siku chache baada ya hapo ndiyo ule ukungu kabatini.

Ukarudi kesho yake. Na kesho yake tena. Halafu ikaja harufu. Ukifungua kabati unakutana na maziwa yaliyochacha, na nyuma ya maziwa kuna mshumaa uliozimwa sasa hivi. Perrine akatoa kila kitu, akasugua rafu kwa siki, akarudisha. Harufu ikaisubiri siki iishe, ikarudi mahali pake.

Kisha mlio. Ti, ti, ti. Kama meno madogo yanagusa chuma. Wakiwa mezani wanakula, mchana kweupe, redio ya jirani inaimba ukutani, na kabatini ti, ti, ti.

"Panya," Gaétan alisema.

"Panya anang'ata fedha?"

"Panya wa Pantin anang'ata chochote."

Perrine akainuka, akafungua. Ukungu ulikuwa mkubwa kuliko siku zote, umefunika tumbo la kikombe. Na ndani ya ukungu, nyuma ya jina la mwanawe, kulikuwa na herufi nyingine zimesimama wima kizamani. Alizisoma, mkono bado uko kwenye kitasa. Aubin. Fedha yenye hilo jina alikuwa ameikwangua yote, ilidondokea kwenye ngozi chini ya meza yake, ikaenda kuyeyushwa na vumbi lingine. Haikuwepo tena duniani.

Asubuhi akakifunga kwenye kitambaa, akampelekea Odile. Odile akakihemea. Ukaja ukungu wa kawaida, Côme peke yake. Akahema tena. Côme tu.

"Labda ni macho yangu," Perrine akasema. "Silali vizuri siku hizi."

Odile alikuwa anapitisha kidole kwenye mdomo wa kikombe. "Côme ameota meno?"

"Bado."

"Una hakika?"

"Odile, mimi ndiye ninayemnyonyesha. Ningejua."

Odile akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vile vibonyeo viwili vya zamani vilikuwepo, vimelainika kwa umri. Kando yake kulikuwa na viwili vingine, vikali, vinang'aa kwa upya.

"Basi nani anang'ata?" Odile akanong'ona.

Sasa Côme. Côme alikuwa mtoto wa kelele. Akiamka jengo zima linajua, jirani wa chini alikuwa anamwita bwana mkubwa. Kumbe kelele zilikuwa zimeanza kupungua, taratibu, wao hawajashtuka, wakasema anakua, anapata adabu. Mpaka Perrine akagundua mtoto analia bila sauti. Mdomo wazi, uso mwekundu, machozi, sauti hakuna. Wakakimbia kwa daktari. Daktari akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni.

"Mapafu safi kuliko yangu," akasema. "Mpeni maji, msiwashe sana joto ndani."

Wakarudi nyumbani. Ilikuwa Januari, kioo cha dirisha la jikoni baridi kama barafu. Perrine akasimama hapo na mtoto mkononi, wakawa wanaangalia tramu inapita chini, paji la uso la mama kwenye kioo na paji la uso la mtoto kwenye kioo. Mbele ya mdomo wa Perrine kioo kikafanya ukungu. Mbele ya mdomo wa Côme kioo kilikuwa kisafi. Akadhani mtoto amebana pumzi. Akaweka kiganja mbele ya pua yake. Kifua kinapanda, kifua kinashuka, na kiganjani hakuna kitu, si joto, si upepo, hakuna.

"Gaétan," akaita, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Njoo. Lete kikombe."

"Cha nini sasa?"

"Lete tu."

Gaétan akakileta, akakiweka mezani, upande wa pili kabisa wa meza. Na wakakiona wote wawili, mwanga wa mchana umejaa jikoni, hakuna cha kusingizia. Kifua cha Côme kikashuka, ukungu ukachanua kwenye fedha. Kifua kikapanda, ukungu ukanywea. Kikashuka, ukachanua. Mtoto yuko huku kwenye mikono ya mama yake, pumzi yake inatokea kule, na ndani ya pumzi hiyo jina la mtu mwingine linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka.

Gaétan, mtu wa unyevu na panya, uso ukamwisha rangi. Akakinyakua kikombe, akafungua mlango, akashuka ngazi mbio, akili yake yote iko kwenye mfereji wa maji ule wa nyuma ya jengo, akitupe kizame, hadithi iishe. Alikuwa hajafika ghorofa ya pili Perrine akahisi mtoto anakuwa mzito. Kifua kilishuka, hakikupanda.

"Rudisha!" Sauti ilimtoka Perrine ikaenda mpaka chini kwenye masanduku ya barua. "Gaétan, kirudishe!"

Gaétan akarudi anapanda ngazi mbili mbili, kikombe kakikumbatia. Alipovuka kizingiti, kifua cha Côme kikapanda.

Wakakaa sakafuni, migongo ukutani, kikombe katikati ya miguu yao, mtoto juu ya mapaja. Ti, ti, ti, kikasema kikombe.

"Nampigia Zélie," Gaétan akasema mwishowe.

Zélie ni shangazi yake, anaishi mashambani, Mayenne, na sungura zake. Kule wanamwita mkata moto. Mtu akiungua vibaya, manesi wenyewe wanampigia simu chini chini madaktari wasisikie, yeye anasema maneno yake huko huko aliko, na moto unatoka kwenye nyama. Sio moto tu. Vitu vingine pia, ila hivyo watu hawavitaji kwa jina. Gaétan akapiga, simu akampa Perrine.

"Shangazi, ni Perrine. Wa Gaétan."

"Nani kaungua?"

"Hakuna aliyeungua."

"Basi ngoja nifunge banda, hawa watanitoka." Kukasikika bati, kisha pumzi zake. "Haya, sema. Na usilie kwanza, ukilia sielewi."

Perrine akasema yote. Zélie hakumkatiza hata mara moja.

"Jina la kwanza ulilitoa wewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Ili iweje?"

"Ili la mwanangu liingie."

"Kwani hapakuwa na nafasi ya wawili?"

"Kile kidirisha ni cha jina moja, shangazi."

"Nani kasema?"

Perrine akakiangalia kikombe.

"Sikia, kipenzi. Watu wanadhani jini lazima liwe na pembe. Hako ni katoto. Kalipewa kiti, kakakaa miaka yote kimya, hakamdai mtu. Wewe ukaja ukakavutia kiti kakiwa kamekaa. Sasa kamening'inia kwa mwanao kasianguke. Ndiyo hiyo pumzi unayoiona inakwenda."

"Nikafukuze vipi?"

"Hukafukuzi. Karudishie nafasi yake, pale pale kalipokuwa. Waandike wote wawili, bega kwa bega. Na uharakishe. Mtoto kama huyo hana pumzi nyingi ya kugawa."

"Shangazi..."

"Wote wawili. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Jumapili mchana karakana haina mtu. Hutin yuko kwa dada yake shambani, Perrine ana ufunguo. Gaétan akakaa kwenye kiti cha bosi na Côme kifuani, kamfungia ndani ya koti, mtoto mweupe kama mkate ambao haujaiva. Perrine akawasha taa ya meza, akabana kikombe kwenye mto wa ngozi, akashika penseli kwanza ajaribu. Aubin juu ya Côme: herufi zinapanda kwenye majani. Aubin chini ya Côme: mkia wa C unalikata katikati. Akajaribu kando, likawa dogo, limejikunyata pembeni kama mwizi. Akafuta, akajaribu tena. Lile C lake la madaha lilikuwa limechukua nyumba nzima.

"Vipi?" Gaétan akauliza.

"Haliingii."

"Lilazimishe."

"Nikilibana hivi naye atakasirika. Wewe ungerudishiwa nyumba yako ukapewa kona ya choo, ungetulia?" Akaweka penseli chini. "Nampa chote. Namtoa Côme, namrudisha yeye kama alivyokuwa. Côme tutamtafutia kingine."

"Shangazi kasema wawili."

"Shangazi anakata moto. Mchoraji ni mimi."

Gaétan akamwangalia mtoto, akaangalia dirisha, mwanga wa ua ulikuwa umeshaanza kuwa wa kijivu. "Fanya basi. Fanya haraka."

Akachukua chuma cha kukwangulia na kuanza na ule mkia wa C, na unga wa fedha ukaanza kudondoka kwenye ngozi chini ya meza, na hapo hapo akasikia kutoka mle ngozini, chini ya magoti yake, kicheko, kicheko kidogo cha mtoto anayetekenywa, na hakutazama, akaendelea, akakwangua o na kile kikofia chake, akakwangua m, harufu ya maziwa ikapanda ikamjaa kooni, mshumaa usiokuwepo ukazimwa karibu na sikio lake, na juu ya kiganja chake kilichoshika chuma akahisi pumzi, ya joto, fupi fupi, pumzi ya mtu mfupi anayesimama kwa vidole vya miguu apate kuona mezani, na bado hakuacha, maana kila alipotaka kuacha aliliona koti la Gaétan halitikisiki, akakwangua e mpaka ikaisha, akachukua kalamu ya chuma, na herufi wima za kizamani zikatoka zenyewe mkononi mwake bila kupima, bila penseli, kana kwamba mkono ulikuwa unafuata mtaro uliokuwepo tayari, A, u, b, i, n, ukuta wa fedha umekuwa mwembamba mpaka unatetemeka chini ya ncha kama ngozi ya maziwa ya moto, na alipoitoa ncha kwenye herufi ya mwisho kila kitu kikanyamaza.

Côme akavuta pumzi. Ilikuwa kama mtu anayeibuka kutoka chini ya maji. Halafu akalia, kwa sauti, kelele zile zile za bwana mkubwa, na saa ya Gaétan mkononi ikapata ukungu mbele ya mdomo wake. Gaétan akaanza kucheka na kulia pamoja. Perrine akaweka kichwa juu ya meza, kwenye vumbi la fedha, akabaki hivyo.

Baada ya hapo mambo yakawa shwari, sikudanganyi. Kabati likawa na harufu ya kabati. Mtoto akanenepa. Meno yakaota, mawili ya chini, akaanza kung'ata kila kitu, meza, viatu, pua ya Gaétan. Asubuhi Perrine alikuwa anamsimamisha makusudi kwenye kioo cha jikoni aone ukungu wake. Ulikuwa mnene, mzuri, anauchora kwa kidole, wanacheka.

Odile ndiye aliyekuja kuharibu. Alikuja Jumapili moja na keki ya tufaha, akamwita mtoto aliyekuwa sakafuni. "Côme. Njoo kwa Odile. Côme." Mtoto yuko na kijiko chake, hata nyusi haijatikisika. "Côme, wee. Ana masikio huyu?" Odile akapiga makofi. Mtoto akageuka mara moja, akamkenulia.

"Anasikia vizuri," akasema Odile polepole. "Ila jina lake haligeukii."

"Anaringa," Gaétan akasema. "Wiki hizi ndiyo tabia yake."

Perrine alikuwa anaosha vyombo. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, safi, kikavu. Na unajua mikono ya watu wa kazi, inafanya mambo kabla kichwa hakijaamua. Akakisogeza mdomoni, akakihemea.

Aubin likang'aa katikati ya ukungu, alivyolichora. Na nyuma yake, limefifia, limelala kwa madaha, C yenye mkia.

Hakugeuka. Aliangalia sinki. Akasema kwa sauti ndogo, ndogo sana kuliko ile ya Odile, mtu aliyekuwa mezani asingeisikia.

"Aubin."

Nyuma yake kijiko kikagonga sakafu kwa furaha, na mtoto akacheka.

Akajifungia bafuni, akafungulia bomba la maji wasisikie, akapiga simu Mayenne.

"Uliwaandika wawili?" lilikuwa swali la kwanza la Zélie.

Upande wa pili sungura walikuwa wanakwaruza bati.

"Nilikwambia wawili," Zélie akasema. Hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali. "Ukimtoa mtu pale, yeye ndiye anayebaki nje. Aliyeandikwa ndiye anayehema, na sasa anahema kwa mwili wa mwanao."

"Sasa nimuongeze. Namuandika sasa hivi, shangazi, hata kama ni vibaya, hata kama..."

"Ukuta wa kikombe umebaki mnene kiasi gani?"

Perrine alikuwa nacho mkononi. Akakibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, na fedha ikaingia ndani kama karatasi, ikarudi.

"Nikichora naweza kukitoboa."

"Kikitoboka hakina mtu," Zélie akasema. "Hakuna wa ndani, hakuna wa nje. Umenielewa?"

Mpaka leo kikombe kiko kabatini, rafu ya juu. Asubuhi Perrine anafungua mlango anakuta ukungu ubavuni, mdogo, upana wa kiganja, mfupi mfupi, kama wa mtoto aliyeweka mdomo kwenye kioo anaita mama yake. Anaweka kidole pale mpaka ukauke. Sakafuni nyuma yake kuna mtoto mnene, mwenye afya, mwenye macho ya Gaétan na pua ya Gaétan, anayenyoosha mikono abebwe, na akibebwa pumzi yake inatua shingoni ya joto kabisa. Na mfukoni mwa aproni yake Perrine anatembea na kalamu ya chuma, kainoa ikawa nyembamba kama sindano. Anaitoa, anaiweka kwenye kidirisha, kwenye kale kanafasi kaliko chini ya Aubin, anabana pumzi. Anairudisha.

Mkono wake ndio bora Paris nzima. Ukiteleza, anazika mtoto. Usipogusa, analea mtoto wa mtu na wake anakauka kabatini kila asubuhi chini ya kidole chake.

Wewe ungechora?